Sukari Isiyopita Mdomoni

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa makochi, na kwa sehemu kubwa ya siku humpati akizungumza. Si kwamba ana kiburi. Mdomo umejaa misumari. Mafundi wa siku hizi wanatumia stepla, paa paa paa, kazi imekwisha. Yeye bado anashikilia misumari midogo yenye vichwa bapa. Anaitia kinywani, anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, nyundo yenye sumaku inaudaka, kitambaa kinashikwa. Ukimuuliza swali akiwa katika hali hiyo atakujibu kwa nyusi. Ndiyo maana karakana nzima inamwita Bubu, na jina hilo hajawahi kulikataa, labda kwa sababu kulikataa kungemlazimu kutema misumari.

Mimi ninashona foronya za mito kwenye cherehani iliyo pembeni ya meza yake, na ninaishi nyumbani kwao, kwa hiyo ninamjua kazini na ninamjua akiwa amevua viatu. Kabla ya kufungua kochi bovu hulikalia kwanza, amefumba macho, anahamia kushoto kidogo, kulia kidogo. Halafu anasimama na kuonyesha kwa kidole: springi hii imekatika, mbao ile imelegea. Wateja hudhani ni mbwembwe. Mimi huwaambia, "Anaongea nalo. Msimkatize, maana nyumbani hapewi nafasi."

Nyumbani yupo dada. Dada ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na kazi hiyo imemwingia mpaka kwenye mifupa. Kijiko kikipotea hatauliza kiko wapi, atauliza nani. Kwake yeye hakuna kitu kinachopungua chenyewe wala kuongezeka chenyewe; kila kilichomo kiliingizwa na mtu, na mtu huyo ana jina.

Basi fikiria ilivyokuwa siku shemeji aliporudi kutoka kliniki na kusema kwamba presha yake iko juu na damu yake ina sukari nyingi.

Sukari imezidi, kwa hiyo kuna aliyeiingiza. Imepita wapi? Mdomoni. Mdomo wa nani? Kesi ikaishia hapo. Dada akanunua kufuli, akalitia kwenye kabati la jikoni. Sukari, asali, jemu na biskuti vikaingia ndani, ufunguo ukaning'inia kwenye kamba shingoni mwake. Chumvi nayo ikafuata, kwa ajili ya presha. Sisi wengine tukawa tunaomba sukari ya chai kama watu wanaoomba likizo. Shemeji hakuomba. Alikunywa chai yake kavu, akasema ahsante, akaenda kazini.

Lakini nisimwonee dada. Baba yetu alikufa kwa ugonjwa wa sukari, na baba alikuwa mdokozi. Tulipotoa viatu vyake baada ya mazishi, kiatu cha kulia kilikuwa kimejaa peremende. Dada ndiye aliyemuuguza. Ndiye aliyesafisha kile kidonda cha mguu kila asubuhi, na kila asubuhi akaambiwa, "Mwanangu, sijala kitu." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipomwambia mumewe, "Mwanamume wa pili hatanidanganya," hakuwa anatania. Niliuona uso wake na nikaogopa.

Vidonge vikaanza. Sukari haikushuka. Vikaongezwa, haikushuka. Shemeji akawa anakonda mpaka mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, akalitoboa mwenyewe kwa msumari. Ikanunuliwa mashine ndogo ya kupimia, akawa anatobolewa kidole mbele ya dada kama mtuhumiwa. Siku nyingine namba ilikuwa nzuri, siku nyingine iliruka juu bila sababu, na huko kuruka ndiko kulikomkaanga, kwa sababu mtu mgonjwa kila siku anahurumiwa, lakini mtu anayepona leo na kuugua kesho anaonekana mjanja.

"Siku za mwizi ni arobaini," dada akasema, akiitazama mashine.

"Mke wangu, sijala kitu."

Maneno yale yale ya baba! Afadhali angesema kingine chochote.

Kisha yakapatikana maganda ya pipi. Dada alikuwa anafua aproni ya mumewe, akatia mkono mfukoni, akatoka nayo kiganja kizima. Sasa, mtu asiyejua kazi yetu hajui kilichomo ndani ya kochi la familia. Ukilifungua utakuta sarafu, vitana, kalamu, funguo zilizotafutwa mpaka watu wakagombana, na maganda ya pipi yasiyo na idadi, kwa sababu kila mtoto anaamini ufa wa kochi hauna mwisho. Shemeji huyatoa, anayatia mfukoni asichafue sakafu, anasahau. Nilimweleza dada hayo yote.

"Ninyi wawili mnakula sahani moja," akanijibu. "Na hiyo misumari anayokaa nayo mdomoni kutwa, anaiweka kwenye kopo gani?"

Kopo lenyewe lilikuwa la peremende, na picha ya peremende bado ipo kwenye kifuniko.

Kesho yake dada alikuja karakana saa ya chakula. Hakusalimia mtu. Akafungua kopo, akachukua msumari mmoja, akaulamba. Mafundi wote wakaacha kazi. Akachukua wa pili, kutoka chini kabisa, akaulamba na huo, maana mtunza stoo hahukumu gunia kwa kilicho juu.

"Chuma," akasema, akaondoka zake.

Nilicheka mpaka mshono ukaenda upande. Shemeji hakucheka. Aliketi juu ya kochi alilokuwa amelifungua, akaitazama nyundo yake, na ndipo nilipotambua kwamba kutoaminiwa kulikuwa kunamla kuliko ugonjwa.

Hapo udadisi ukanishika. Mimi tangu utoto ni mtu wa kufungua redio nione anayeongea amekaa wapi, na nimechapwa kwa ajili hiyo. Kama haipiti mdomoni, nikajiuliza, inapita wapi?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sote tulilizoea, na kulizoea ndiko kulikotufanya tusilione. Shemeji alikuwa na vipindi. Ghafla uso unapauka, jasho linamtoka mpaka shati linanata mgongoni, mikono inatetemeka, kichwa kinamgonga, moyo unampiga hata naona kitambaa cha shati kikicheza. Anatema misumari na kusema, "Nakufa." Hafi. Baada ya muda kinapita, anaokota misumari, anaisuuza, anaendelea. Mafundi walisema ni uchovu. Dada alipohadithiwa alisema ni dhamiri inamsuta.

Nikaanza kuangalia kinamjia lini. Viti vidogo havikumfanya kitu. Stuli, hapana. Makochi makubwa, yale ya watu watatu, ndiyo yaliyomwangusha. Kochi kubwa lina mikanda ya mpira inayobeba sponji, na mikanda hiyo lazima ivutwe hasa. Shemeji huegemeza tumbo kwenye ukingo wa fremu, ubavu wa kushoto, anajikunja, anavuta kwa nguvu zake zote. Akishanyooka tu, kinaanza.

Dada, bila kujua, akanipa nafasi. Kwa kuwa kazini kwake hawezi kumlinda mume, aliniteua mpelelezi. "Kaa naye tangu anapoamka," akaniambia. "Hata mate asimeze usione." Nikakubali kwa furaha isiyo ya kawaida. Kesho yake asubuhi shemeji alikunywa maji matupu kwa makusudi, akanifunulia mdomo kama farasi sokoni ili nishuhudie. Mashine nilikuwa nayo kwenye pochi. Nikampima kabla ya kuanza kochi la watu watatu: namba ya wastani. Akavuta mikanda, kipindi kikampiga, nikampima tena huku anatetemeka. Namba ilikuwa imepaa. Nikadhani kidole kina gundi, nikakiosha, nikatoboa kingine. Ile ile.

Mtu hajala, na sukari imepanda mbele ya macho yangu.

Nilimpelekea dada habari hiyo mbiombio. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amekuhonga nini?"

"Dada!"

"Njia ya mwongo ni fupi. Twende wote kliniki, tuseme mbele ya daktari. Na daktari akisema anakula, mimi nafungasha. Sitamuuguza mtu anayejiua mwenyewe. Nimeshafanya hivyo mara moja, inatosha."

Shemeji alikuwepo, na safari hii hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni. Hakusema neno.

Siku ya kliniki dada hakumwacha hata hatua moja. Tuliondoka nyumbani kabla hajala, tukakaa kwenye foleni yeye akiwa katikati yetu kama mfungwa. Daktari tuliyemkuta alikuwa mgeni hapo, mama mwenye sauti ya upole na viatu vya raba. Dada alitoa mashtaka yake yote: vidonge, namba, maganda ya pipi. Nami nikaongeza habari ya vile vipindi vya jasho. Daktari akasikiliza. Kisha akamgeukia mshtakiwa.

"Na wewe baba, hivyo vipindi vya jasho vikikujia, unakuwa unafanya nini?"

Mtu mwingine angeeleza. Bubu alizoea kuonyesha. Akasimama, akaegemeza tumbo kwenye ukingo wa kitanda cha kupimia wagonjwa, akajikunja, akashika shuka na kuivuta kama mkanda wa mpira.

"Inatosha baba, inatosha!" daktari akasema, lakini alikuwa amechelewa.

Uso ukapauka pale pale. Jasho likatoka. Daktari akamlaza, akamfunga kipimo cha presha mkononi, akatazama namba, akamwita muuguzi kwa sauti ambayo haikuwa tena ya upole. Presha ilikuwa imepanda kiasi cha kutisha. Akapimwa sukari: nayo juu. Dada alikuwa amesimama ukutani na mkoba wake kifuani. Namba alizijua, lakini kipindi chenyewe hakuwahi kukiona kikianza.

"Amekula nini leo?" daktari akauliza.

Dada akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hajala kitu. Nilikuwa naye."

Kuanzia hapo mambo yakafuatana. Akachukuliwa damu. Akapewa galoni akusanye mkojo wa kutwa kucha, na dada akaliweka galoni hilo chini ya ulinzi wake, asiruhusu hata tone lipotee. Ikapigwa picha ya tumbo. Majibu yalipotoka tuliitwa wote watatu, na daktari akatuonyesha kwenye picha uvimbe wa ukubwa wa limau, umekaa juu ya figo ya kushoto.

"Juu ya kila figo kuna tezi ndogo," akasema. "Ukikurupushwa na mbwa, tezi hiyo inamwaga homoni ya hatari, adrenalini na wenzake. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, unapata nguvu za kukimbia. Huu uvimbe umeota kwenye tezi hiyo, na unamwaga homoni hizo hata kama mbwa hayupo. Ukibanwa ndiyo kabisa."

"Na sukari?" dada akauliza. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kiti. "Imetoka wapi kama haikuingia?"

"Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Mtunza stoo."

"Basi tutaelewana. Ini ni stoo ya sukari ya mwili. Homoni ya hatari inafika na amri: toa mzigo, watu wanakimbia. Kongosho, hili hapa nyuma ya tumbo, lina homoni mbili za kujua. Moja inaitwa glukagoni, nayo inasaidia kufungua stoo. Nyingine ni insulini, ndiyo inayoipokea sukari na kuiingiza kwenye misuli. Homoni ya hatari inaichochea ile ya kwanza na kuibana ile ya pili isitoke. Kwa hiyo stoo inatoa na mpokeaji hayupo. Mzigo unabaki barabarani, yaani kwenye damu."

"Vidonge vilikuwa vinahangaika bure."

"Vilikuwa vinapigana na amri inayotolewa upya kila saa."

Dada akafikiri. "Amri ya kughushi," akasema.

"Ya kughushi kabisa."

"Na mimi nimefunga kabati."

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo. Hiki kilikuwa kimeshapita nguo na ngozi, kimekaa juu ya figo kinatoa amri, huku sisi tunalamba misumari. Daktari alituonya tusiende kutangaza mtaani kwamba sukari yote ni uvimbe. Wengi wenye sukari hawana kitu kama hicho, ni nadra sana, na vidonge vyao wavimeze.

Nilidhani atapasuliwa kesho yake. Kumbe hapana; uvimbe wa namna hiyo ukiguswa ghafla unaweza kumwaga kila kilichomo, na moyo usistahimili. Kwanza akapewa dawa za kulegeza mishipa ya damu kwa majuma kadhaa. Dawa zilipomkaa vizuri, daktari akaagiza anywe maji mengi na aongezewe chumvi.

"Chumvi?" dada akauliza, kana kwamba ameambiwa ampe sumu.

"Chumvi, mama."

Akafungua kabati, akatoa chumvi. Sukari akaiacha ndani, maana uvimbe bado ulikuwepo na namba bado zilikuwa juu, na ufunguo ukarudi shingoni. Hakumwomba mumewe radhi. Nilingoja, nikaona hatasema. Alimpikia, akamwosha miguu, akamfungia vifungo vya shati, lakini neno lenyewe lilimkwama. Shemeji naye hakulidai. Nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ukatolewa, presha ikashuka, vidonge vya sukari vikasimamishwa. Muuguzi wa wodi akawa anampima sukari mara kwa mara, nami nikamuuliza kwa nini, wakati mwizi ameshakamatwa. Akasema, "Tunaogopa sasa isije ikashuka." Nikaona ni maneno ya kitabuni.

Kesho yake mchana tulikuwa kando ya kitanda. Shemeji alikuwa ameruhusiwa kunywa vitu vyepesi, amepiga mafundo mawili ya maji, anamtania muuguzi kwamba godoro lake lina springi iliyokatika upande wa miguu. Halafu akanyamaza katikati ya sentensi. Jasho likamtoka usoni. Mikono ikaanza kutetemeka juu ya shuka.

Dada akaruka. "Kimerudi! Muuguzi! Hawakuutoa uvimbe, kimerudi!"

Muuguzi akaja mbio, akatoboa kidole, akatazama namba.

"Hakijarudi. Sukari imeshuka. Kongosho lilibanwa muda mrefu, sasa aliyelibana hayupo, linamwaga insulini kwa pupa." Maneno hayo aliyasema huku mikono inafanya kazi, mmoja unafungua dripu, mwingine unakoroga kikombe cha plastiki. Akamsukumia dada kile kikombe. "Ana fahamu zake, anameza vizuri. Mnyweshe, mama, taratibu."

"Nini hiki?"

"Sukari."

Dada alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe mpaka shingoni, ukaushika ufunguo. Alibaki hivyo, anamtazama muuguzi.

"Mama! Sukari, haraka!"

Akauachia ufunguo. Akampitishia mumewe mkono nyuma ya kichwa, akamwinua, akamwekea kikombe mdomoni. Shemeji akanywa fundo moja, akapumzika, akanywa jingine. Dada alikuwa anasema kitu kwa kunong'ona, nami nilidhani ni sala, mpaka niliposogea nikasikia: "Kula, kula, kula."

Polepole mikono ilitulia. Rangi ikarudi usoni. Muuguzi akapima tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Shemeji akafumbua macho. Akakitazama kikombe, akapitisha ulimi kwenye midomo, polepole, kama anatafuta msumari.

"Mke wangu."

"Nini?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

Dada aliinamisha uso mpaka paji la uso wake likagusa bega la mumewe, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kikombe hakukiweka chini.

"Najua," akasema. "Najua, mume wangu. Malizia."